Jiwe la Kumi na Tisa

Asubuhi ile ya Jumamosi mshonaji alivaa gauni lake la bluu, akalivua, akavaa la kahawia, akalivua nalo, mwisho akalirudia lile la bluu huku akijisuta mbele ya kioo cha wateja. Mtu anayekwenda kumuaga mwanamume, nguo ya kupendeza ya nini? Lakini vidole vilikwisha kufunga vifungo, naye akaviacha vishinde.

"Umemaliza, wifi?" sauti nzito iliuliza kutoka mlangoni. "Au tunangoja na shela?"

"Nimemaliza. Shela nimeliacha nyuma ya mlango."

Wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, alikuwa amesimama kizingitini, mkoba kwapani na mwavuli mkononi, kama askari aliyekabidhiwa lindo. Hakuna aliyemwalika. Alisikia tu kwamba yule mwashi amemwita mke wa ndugu yake akatazame mawe ya kale kilimani, basi akajialika. "Mjane hapandi kilima peke yake kumfuata mwanamume," alitangaza, "hata kama kilima chenyewe kina mlinzi na tiketi."

Mshonaji alifunga duka. Ndani zilibaki cherehani zake mbili, moja ya miguu na moja ya umeme, zikiwa zimefunikwa vitambaa. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Mumewe alikuwa amefariki miaka tisa iliyopita, na katika miaka hiyo yote alishona sare, mapazia na magauni ya harusi za watu, akamwozesha mwanawe wa pekee, akampata mjukuu, na kila mtu mtaani akamsifu kwa utulivu wake. Alisifiwa hivyo mpaka akachoka kusifiwa.

Halafu mapenzi yakaingia dukani kupitia goti la suruali.

Mwashi alileta suruali yake ya kazi ikiwa imechanika goti la kushoto. Mshonaji akaitia kiraka. Wiki iliyofuata goti likachanika tena. Mara ya tano mshonaji aliisogeza suruali kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole kwenye ule mpasuko.

"Fundi," alisema, "hili goti halikuchanika. Limekatwa."

"Limekatwa? Na nani?"

"Na mtu mwenye kisu kikali na muda wa kuchezea."

Yule bwana, mgane wa miaka hamsini na sita, mwenye mabega kama mlango na vumbi la mawe kwenye nyusi, alitazama sakafu kama mwanafunzi. Kisha akacheka. "Basi leo fundi kashikwa na fundi."

Tangu siku hiyo aliacha kuleta suruali, akawa anajileta mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasimulia mawe, naye akasikiliza huku mguu ukiendesha cherehani. Waliitana fundi, fundi, mpaka wapita njia hawakujua nani anamfanyia kazi nani. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Habari zikamfikia mwanawe, mfamasia wa mjini, ambaye alikuja siku ya Jumatano, akafunga mlango wa duka kwa komeo, akasema aliyoyasema.

"Mama, una mjukuu. Watu wanacheka."

"Watu gani?"

"Watu, mama. Hata wateja wangu. Jumatatu nakuja na gari, unahamia kwangu. Chumba nimekitayarisha. Utapumzika, utamlea mtoto. Na hii habari ya mwashi iishe."

Mshonaji alikunja kitambaa kilichokuwa mezani, akakikunja tena. "Sawa, mwanangu," alisema. Tangu Jumatano neno hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Na huku mwashi alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: *Njoo Jumamosi. Nina jiwe la kukuonyesha na neno la kukuuliza.* Mwanamke wa miaka hamsini na miwili hahitaji kuambiwa neno lenyewe ni lipi.

*

Njia ya kupanda ilikuwa fupi lakini kali. Wifi alipumzika mara tatu, na kila mara alisingizia kwamba anatazama mandhari. Walipofika juu, hata yeye alitazama kweli.

Kilele kilikuwa bapa kama meza, nyasi fupi, upepo mtupu. Na katikati ya nyasi yalisimama mawe kumi na manane kwa duara, kila moja kimo cha mtu na nusu, ya kijivu, yamekaa kimya kama wazee wanaosubiri kikao kianze. Kati ya jiwe na jiwe mtu angeweza kupita na mikono ameinyoosha. Upande mmoja tu palikuwa na pengo. Hapo lilikuwa limelala jiwe la kumi na tisa, kichwa kwenye nyasi, mguu kwenye ukingo wa shimo lake, na juu yake umesimamishwa mtambo wa miguu mitatu ya chuma wenye mnyororo wa kunyanyulia. Wanaume wanane wenye kofia ngumu walikuwa wakipanga kamba.

Msichana mwenye kofia pana na daftari alikuja kuwapokea. Alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, ndiye aliyeisimamia kazi ile.

"Shikamooni, mama zangu. Karibuni duarani."

"Marahaba, mwanangu," wifi aliitika, macho yakizunguka. "Haya ni makaburi, sivyo? Niambie nisije nikakanyaga mtu."

"Tumechimba misimu mitatu, mama. Hatujapata mfupa hata mmoja."

"Basi ni nini?"

Msichana alicheka bila aibu. "Hatujui."

"Umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na minane."

"Miaka kumi na minane, na jibu ni hatujui!"

"Tumepata majivu ya moto, vigae vya vyungu, na shanga moja ya kijani. Wengine wanasema walipimia jua na majira ya kupanda. Mlinzi wetu wa getini anasema lilikuwa zizi. Juzi alikuja mwalimu mmoja, akasema ni mahakama. Kila anayepanda hapa anashuka na jibu lake."

"Langu ni makaburi," wifi alisema, akakaa juu ya mkoba wake. "Mfupa au hakuna mfupa."

Mshonaji hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa amemwona. Mwashi alitoka nyuma ya mtambo, timazi yake ya kupimia wima ikining'inia mkononi, suruali ya kazi imejaa vumbi. Alisimama alipoliona gauni la bluu. Hakupunga mkono wala hakuita. Alisimama tu, akamtazama jinsi mtu anavyotazama mvua baada ya kiangazi, na mshonaji akahisi uso unapata moto mpaka masikioni.

"Fundi," mwashi alisema alipokaribia.

"Naam, fundi."

Akamgeukia wifi, akainama kidogo. "Karibu sana, dada. Umepanda vizuri?"

"Nimepanda," wifi alijibu. Hakuongeza salamu nyingine.

"Naomba nimwonyeshe kitu. Hapo tu, jiwe la tatu."

"Mimi naona mpaka la kumi," wifi alisema, akafungua mwavuli.

*

Walisimama mbele ya jiwe la tatu, ndani ya duara. Mwashi alifuta kiganja chake kwenye suruali, akaonyesha.

"Gusa hapa."

Akagusa. Jiwe lilikuwa na uvuguvugu wa jua, na laini ajabu, laini kama pindo lililopigwa pasi.

"Sasa pita nyuma, gusa huko."

Akazunguka. Nyuma jiwe lilikuwa na makwaruzo na mashimo, gumu kama mgongo wa mamba. Akarudi mbele, macho yamemtoka.

"Yote?"

"Yote kumi na tisa. Hawakuwa na chuma, fundi. Walisugua jiwe kwa jiwe na mchanga na maji. Upande mmoja wa jiwe moja, mimi nakadiria miezi minne ya watu wawili. Na upande walioufanyia kazi ni wa ndani. Anayepita nje haoni kitu, anaona mawe tu. Aliye ndani ndiye kapewa uzuri wote."

Mshonaji alipitisha kiganja tena, polepole. "Sisi tunafanya kinyume," alisema. "Uzuri tunauweka nje, watu wauone. Mafundo, mishono, nyuzi zilizokatwa, vyote tunavigeuzia ndani, kwenye ngozi ya mvaaji."

"Na mvaaji?"

"Anavumilia."

Maneno hayo yalimtoka kwa wepesi, kama mzaha wa dukani. Lakini mara tu alipoyasikia kwa masikio yake, hayakuwa mzaha tena. Akaondoa mkono kwenye jiwe.

"Unadhani duara hili walilijengea nini?" aliuliza haraka, asije akaulizwa yeye.

"Hilo silijui. Wataalamu wana majibu yao. Mimi ninachojua ni kwamba waliojenga hapa hawakuwa wanajenga kwa hofu. Mtu mwenye hofu hujenga ukuta. Hawa waliacha nafasi za kupita." Akavuta pumzi. "Fundi, nilikwambia nina neno."

"Usiliseme."

"Sijaanza hata."

"Usilianze. Nimekuja kukuaga." Alitazama viatu vyake. "Mwanangu anakuja Jumatatu kunichukua. Nitaishi kwake. Nimeshamwambia sawa. Na wewe, kazi ya hapa ikiisha, unakwenda mbali kukarabati magofu yako, kazi ya miaka miwili. Kila mtu ashike njia yake tukiwa tunaheshimiana."

Upepo ulipita kati ya mawe. Mwashi aliviringisha uzi wa timazi kwenye kidole, akauviringua.

"Wewe unataka hivyo?"

"Nimeshamwambia sawa."

"Sikuuliza umemwambia nini mwanao. Nimeuliza unataka nini."

"Mimi ni mama wa mtu. Bibi wa mtu. Nitake nini tena?"

Mbali kidogo wifi alikuwa amesimama, simu sikioni, akiongea huku amewapa mgongo. Mwashi alimtazama mshonaji kwa muda mrefu, wala machoni mwake hamkuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Haya," alisema mwishowe. "Siwezi kukulazimisha, hata jiwe halilazimishwi. Lakini umepanda kilima chote hiki. Simama pale penye kamba nyekundu, uone linavyosimama. Halafu uende."

*

Kazi ilianza saa nne na nusu. Mkanda mpana wa kunyanyulia ulizungushwa kichwani mwa jiwe, ukaning'inizwa kwenye mnyororo. Kamba mbili ndefu zilivutwa kulia na kushoto, watatu kila upande, ili jiwe lisiyumbe. Wawili walibaki kwenye mnyororo. Mwashi alipiga magoti kwenye mguu wa jiwe, mtaimbo mkononi, kuuongoza uingie shimoni.

"Taratibu!" aliita. "Hili limelala mamia ya miaka, msiliamshe kama mnaamsha mlevi!"

Mnyororo ulilia. Kichwa cha jiwe kikaachana na nyasi. Wadudu walikimbia chini yake, udongo mweusi ukadondoka. Shubiri moja, shubiri mbili, kisha kimo cha goti, kisha cha kiuno. Mshonaji alijikuta ameshika kifua. Mtaalamu alikuwa ameacha kuandika. Hata wifi alikuwa ameshusha mwavuli.

Jiwe lilipofika nusu ya njia, mwashi aliingia kabisa chini ya kivuli chake, akabana bega, akaanza kusukuma kokoto kwa mtaimbo.

Hapo ndipo mshonaji alipoona.

Kila mtu alikuwa akitazama jiwe. Yeye, kwa mazoea ya miaka thelathini, macho yake yalikwenda penye uzi. Kwenye kitanzi cha mkanda, pale ulipokunjwa na kushonwa, uzi mweupe ulikuwa umechomoza. Wa pili ukafuata. Wa tatu. Mshono ulikuwa ukifumuka polepole, kama upindo wa gauni linalovutwa na mtoto.

"Fundi!" alipiga kelele.

Lakini mahali pale kila mtu alikuwa fundi. Kati ya wale wanane hakugeuka hata mmoja, kila mtu akidhani anaitwa mwenziwe. Mwashi naye alikuwa anahangaika na kokoto.

"Fundi, toka!"

Uzi mwingine ukakatika. Mshonaji aliruka kamba nyekundu, gauni amelishika kwa mkono mmoja, na sauti iliyomtoka hakuijua, haikuwa sauti ya mjane mtulivu wa mtaani.

"Mume wangu! Mume wangu, toka hapo! Mshono unafumuka!"

Mwashi aliinua kichwa kama aliyepigwa kofi. Akajirusha pembeni, akabingiria kwenye nyasi, na nyuma yake mkanda ukapasuka kwa kishindo. Jiwe likashuka. Kamba za pembeni zikakaza, zikalia, wanaume sita wakaburutwa viatu vikichora mistari ardhini.

"Shikilieni!" mwashi alinguruma akiinuka. "Magogo! Leteni magogo!"

Upande wa kushoto walikuwa wanashindwa. Mshonaji alishika mkia wa kamba, akaegemea nyuma kwa nguvu zake zote. Kamba ilimchoma viganja. Alihisi inateleza, inateleza, kisha ghafla ikasimama kama imefungwa kwenye mti. Akageuka. Wifi alikuwa nyuma yake, viatu kavua, mwavuli kautupa, kamba kaizungusha kiunoni, na amekaa chini kitako miguu ameibanisha kwenye mwamba.

"Usiachie, wifi!" alifoka huku jasho likimtiririka. "Vuta! Nimesema vuta!"

Mwashi na wale wawili wa mnyororo walisukuma gogo la kwanza chini ya jiwe, la pili, la tatu. Jiwe likakalia magogo, likanyamaza.

Mtaalamu akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, na wanaume wakaketi pale pale walipokuwa.

Mwashi alitembea mpaka kwa mshonaji. Shavu lake lilikuwa na mchubuko. Akamfumbua viganja, akavitazama, vyekundu vyekundu.

"Umeniita nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Hapo tu ndipo mshonaji alipotambua alichosema. Watu kumi na mmoja walikuwa wamesikia. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo ulimvunja mtu mifupa yote. Alifungua mdomo kukanusha, akakuta hakuna uongo hata mmoja karibu.

"Umenisikia," alisema.

"Mimi neno langu sijaliuliza, na jibu nimeshapewa nikiwa chini ya jiwe?"

"Ungetoka mapema, ungeuliza kwa utaratibu."

Alicheka, kicheko kikubwa kikazunguka duara lote. Kisha akageuka, akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na mikanda minne begani, akaitupa miguuni pa mshonaji mbele ya wanaume wake wote.

"Sikilizeni. Kuanzia sasa hakuna mkanda utakaogusa jiwe langu kabla fundi huyu hajaukagua. Kagua, mama."

Mshonaji alipiga magoti kwenye nyasi na gauni lake la bluu. Akavuta kila kitanzi, akakunja, akakwaruza uzi kwa ukucha.

"Huu hapana. Huu umeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Huu uzi umeoza kwa jua. Huu..." akauvuta kwa meno. "Huu mistari minne, uzi wa nailoni, umerudiwa mwisho. Aliyeushona huu alikuwa na adabu. Tumia huu."

"Mmesikia," mwashi alisema. "Tumia huo."

Na jiwe lilipoinuka mara ya pili, wifi alikataa kuachia kamba. Alibaki kwenye mstari wa kushoto, peku, akiwapa amri watu ambao hawakuwa chini yake. Jiwe lilipita kiuno, likapita bega, likasimama wima likayumba kidogo kama mtu anayeamka. Mguu ukaingia shimoni kwa mlio mzito ambao walihisi kwenye nyayo. Mwashi aliinua timazi. Uzi ukatulia. Akatazama upande huu, akatazama ule.

"Limekaa," alisema.

Kelele iliyopanda pale juu iliwarusha ndege wote wa bondeni. Mawe yalikuwa kumi na tisa tena. Mtaalamu alizunguka duara akikimbia, daftari hewani. Mshonaji alisimama katikati, nyuso laini za mawe zikimtazama kutoka kila upande, akajikuta anacheka kwa sauti, mdomo wazi, bila kuweka kiganja mbele.

*

Walikaa kivulini, wifi akijifuta udongo kwenye nyayo.

"Ulimwita mume," alisema bila kuinua kichwa.

"Nilimwita, wifi."

"Ndugu yangu ulimuuguza miezi kumi na moja. Nilikuwepo. Nilikuona ukimlisha kwa kijiko, ukimnyoa ndevu, ukimwimbia. Nilijiambia, mwanamke huyu akija kupenda tena, atamsahau." Akavaa kiatu kimoja. "Leo nimekusikia ulivyopiga kelele. Mtu anayesahau hapigi kelele vile. Unajua hasa kinachopotea."

Mshonaji alimshika mkono. Walikaa hivyo.

"Kuna kitu kingine," wifi alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimpigia mwanao simu. Kabla ya jiwe. Nilimwambia mmejificha nyuma ya mawe. Yuko njiani, Mungu anisamehe."

"Siyo njiani," mshonaji alisema. "Kafika."

Mfamasia alikuwa akimalizia mwinuko, bado amevaa koti jeupe la kazini, pumzi juu juu. Alimtazama mama yake: nywele zimetimka, gauni limetapakaa udongo, viganja vimefungwa vitambaa.

"Mama! Umefanywa nini?"

"Nimevuta jiwe."

"Umevuta... Shangazi, wewe si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nami nimevuta."

Kijana alishika kichwa. "Twende nyumbani. Gari iko chini. Sitaki kungoja Jumatatu."

"Kaa, mwanangu."

"Mama, watu..."

"Nimesema kaa." Hakupaza sauti. Lakini mfamasia alikaa, kwa sababu hiyo ilikuwa sauti iliyomfundisha kutembea. "Jumatano ulifunga mlango ukasema, nami nikasema sawa. Sikusema kweli. Nilisema kile ambacho watu wangependa kusikia, na nimekisema miaka tisa. Leo nisikilize. Baba yako nilimpenda, sikumpunguzia hata siku moja. Wewe nakupenda, mjukuu wangu nampenda, nitakuja kumwona mpaka mkeo anifukuze. Lakini mimi si kabati la kuhamishwa na gari. Huyu bwana anakwenda kukarabati magofu yake miaka miwili, nami naenda naye. Tutafunga ndoa kwanza, mbele yako. Ukija nitafurahi. Usipokuja nitalia, halafu nitaolewa."

Mwashi alikuwa amesimama hatua chache, kofia mkononi. "Nami," alisema, "ningependa kuuliza tu, cherehani zinabebeka?"

"Zinabebeka," mshonaji alijibu bila kumwondolea mwanawe macho. "Zote mbili."

Mfamasia alimgeukia shangazi yake kama anayetafuta shahidi. Wifi alikuwa akifunga kamba ya kiatu cha pili.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mama yako kamwokoa mtu asifanywe unga mbele ya macho yangu. Aliona uzi, mwanangu. Uzi! Wataalamu na mafundi wote tulikuwa hapa, hatukuuona."

Kijana alitazama mawe, akatazama viganja vya mama yake, akatazama mchubuko kwenye shavu la mwashi. Kisha akainuka. Akaingiza mkono kwenye koti lake jeupe, akatoa kijichupa cha dawa ya vidonda, na akapiga magoti mbele ya mama yake. Alifungua vitambaa taratibu, akasafisha, akafunga upya vizuri. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mama yake. Alipomaliza alifuta macho kwa kiwiko, akasimama mbele ya mwashi, akamkabidhi kile kijichupa kwa ajili ya shavu.

"Nina swali moja," alisema.

"Uliza, mwanangu."

"Unakoroma?"

Mwashi alishtuka. Akafikiri. Mtu mkweli ni mkweli hata pabaya. "Nakoroma," alisema. "Sana."

"Mama usingizi wake ni mwepesi. Hata paka akipita anaamka. Nakwambia mapema, usije ukamrudisha."

"Mwanangu," mshonaji alisema, akishika mkono wa mwashi wazi mbele ya wanaume wanane, mtaalamu, wifi na mwanawe, "nimelala miaka tisa bila mtu wa kuniamsha. Mwache akorome."

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikawashika wote, mpaka mfamasia naye, kwanza kwa pua, halafu kwa kifua kizima. Mshonaji hakusubiri wamalize. Alimvuta mwashi wake, wakatembea pamoja mpaka katikati ya mawe kumi na tisa, na hakuangalia nyuma kuona ni nani anayewatazama.